Namba ya Farasi Kwenye Sanduku la Konrodi

Anayeuza konrodi (zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki) za kuongezea injini nguvu anajua mnunuzi anataka kusikia nini, kwa hiyo anaanza na farasi, yaani kipimo cha nguvu ya injini. Seti hii inabeba farasi 600, ile 800, ile nyingine 1,000, na bei inapanda kufuata namba. Kijana mwenye Impreza ya farasi 300 anapiga hesabu kwamba 600 ni mara mbili, analipa, anarudi nyumbani roho imetulia. Mimi namba hiyo siisomi. Si kwamba ni ya uongo kila mara, ila konrodi haijui farasi ni nini. Inachojua ni kusukumwa na kuvutwa, na mambo hayo mawili hayaongezeki kwa pamoja.

Nitasema zaidi kuhusu injini za Subaru za aina ya EJ, maana ndizo zinazofunguliwa sana kwenye gereji za Nairobi na ndizo zinazoniletea maswali. Wakenya waliipenda Subaru tangu enzi za Patrick Njiru kwenye mbio za magari za Safari Rally, na Colin McRae aliposhinda mwaka 1997, kisha Richard Burns mwaka 2000, mapenzi yakawa dini. (Mwenye Lancer Evolution atasema Tommi Mäkinen alishinda 1996 na 2001. Tumesikia, jirani.) Leo Impreza na Forester za mitumba kutoka Japani zimejaa barabarani, vipuri vyake utavipata Kirinyaga Road na utavipata Gerezani kule Dar, na mtu akishika hela kidogo wazo la kwanza ni turbo kubwa, la pili ni konrodi.

Tuanze na kusukumwa. Mafuta yakiwaka, gesi inaisukuma pistoni chini, na konrodi inabanwa kati ya pini inayoishika pistoni na krenki, ekseli inayozungushwa. EJ257, ile ya lita 2.5, ina pistoni ya kipenyo cha milimita 99.5. Shinikizo ndani ya silinda likifika ba 100, jambo la kawaida kwenye injini ya turbo iliyoongezwa busti (shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo), pistoni hiyo inakandamizwa kwa karibu tani nane. Mzigo si mdogo, lakini chuma kinavumilia sana kukandamizwa, na katika kazi hiyo yote bolti za kepu, kile kipande cha chini kinachoifunga konrodi kwenye krenki, zimekaa tu. Konrodi inaegemea krenki kwa nusu yake ya juu, kepu haina mzigo.

Kuvutwa ni habari nyingine. Pistoni ikifika juu kabisa lazima isimame na irudi, na anayeisimamisha ni konrodi. Kwenye mpigo wa kutoa moshi valvu ziko wazi na hakuna gesi ya kusaidia. Pistoni yote inaning'inia kwenye konrodi, konrodi inaning'inia kwenye kepu, na kepu imeshikwa na bolti mbili. Hesabu yake ni fizikia ya sekondari. EJ257 ina stroki, yaani safari ya pistoni toka juu hadi chini, ya milimita 79 na konrodi ya milimita 130.5, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine. Kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, mchapuko wa pistoni pale juu ni karibu mara 2,800 ya mvutano wa dunia. Tuseme pistoni, pini na ringi zake zina gramu 600: konrodi inavutwa kwa takriban tani 1.7. Panda hadi 8,000 na mvuto unafika tani 2.2. Umeongeza mizunguko kwa asilimia 14, mvuto umeongezeka kwa asilimia 31, kwa sababu unafuata mraba wa kasi. Na bolti zinabeba zaidi ya hapo, maana zinaivuta na konrodi yenyewe.

Sasa rudi kwenye farasi. Injini moja inatoa farasi 400 kwenye mizunguko 4,000, nyingine inazitoa kwenye 8,000. Kwenye sanduku ni namba ileile. Ya kwanza ina torki, nguvu ya kuzungusha, ya karibu Nm 710, ya pili 355. Kama pistoni na stroki ni sawa, ya kwanza inaikandamiza konrodi mara mbili ya mwenzake, na ya pili inaivuta mara nne. Muuzaji aliyekupa namba moja kwa injini hizo mbili hajakupa kitu cha kufanyia uamuzi. Muulize mizunguko, mwambie uzito wa pistoni zako na stroki yako. Wapo wanaojibu vizuri, tena kwa maswali yao wenyewe, na mara nyingi hao ndio wa kununua kwao.

Kwa sababu hiyo seti ya konrodi mimi naianza kuisoma kwenye bolti. Bolti ya konrodi kwa kweli ni springi ngumu sana. Ukiikaza inarefuka kidogo, na kwa kuwa inataka kurudi kwenye urefu wake, inaibana kepu. Nguvu ya kubana ikizidi nguvu ya kuvuta, bolti inakaa kwenye mvuto uleule karibu muda wote na haihisi sana safari za pistoni. Ikiwa imekazwa pungufu, inavutwa na kuachiwa, inavutwa na kuachiwa. Kwenye mizunguko 7,000, mpigo wa kutoa moshi peke yake unakuja mara 3,500 kwa dakika. Chuma kikifanyiwa hivyo kinachoka, kinaanza ufa usioonekana kwa macho, kisha siku moja kepu inaachia na konrodi inatoboa bloku. Watu wakifungua wanaona konrodi iliyopinda na kuvunjika, wanasema rodi ilikuwa dhaifu. Mara nyingi rodi ilikuwa nzima hadi nusu sekunde baada ya bolti kukatika.

Bolti zinazotajwa sana ni za ARP, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 1968. Aina yao ya ARP2000 inahimili mvuto wa psi 220,000 (pauni kwa inchi ya mraba) kabla ya kukatika. L19 na Custom Age 625+ zinafika 260,000. Ukiangalia namba peke yake utachagua L19. Lakini L19 inaogopa unyevu: maji, sabuni ya kuoshea vipuri, hata jasho la mkono linaweza kuianzishia ufa, kwa hiyo inatakiwa ikae imepakwa oili wakati wote. Mimi nikijenga injini Mombasa nisingeigusa. Kwa gari la barabarani lisilopita mizunguko 7,500, ARP2000 kwenye rodi nzuri inatosha kabisa, na mwenye nia ya kupita hapo alipie 625+ badala ya kulipia jina la rodi.

Halafu kuna namna ya kuikaza, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Unapokaza bolti kwa spana ya torki, takriban asilimia 90 ya nguvu yako inaliwa na msuguano, kwenye meno na chini ya kichwa. Inayobaki ndiyo inayoirefusha bolti. Badilisha kilainishi, tumia oili ya injini badala ya kile kilichokuja na bolti, na spana itakwambia "tiki" palepale huku mvuto wa bolti ukiwa tofauti kabisa. Ndiyo sababu watengenezaji wenyewe wanasema pima urefu. Kuna geji ndogo yenye umbo la upinde inayoshika bolti kwenye ncha zake mbili: unasoma urefu wake ikiwa huru, unakaza, unasoma tena. Kwa bolti nyingi za rodi hizi urefu unaotakiwa kuongezeka ni karibu milimita 0.15, ila karatasi iliyokuja na seti ndiyo mwamuzi. Andika urefu wa awali wa kila bolti kwenye daftari, kwa namba ya silinda. Siku utakayoifungua tena injini, bolti iliyobaki ndefu kwa zaidi ya milimita 0.025 kuliko ilivyozaliwa imekwisha, itupe. Bila daftari huwezi kujua.

Fundi akikwambia mkono wake unajua, mheshimu kama mzee wako, na umpe geji.

Kuhusu chuma chenyewe sitakaa sana. Rodi nyingi za kuongezea nguvu zinatengenezwa kwa chuma cha 4340, chenye nikeli, kromi na molibdeni ndani yake. Juu yake kuna 300M, ambayo ni 4340 iliyoongezwa silikoni na vanadi kidogo, ghali zaidi na ngumu zaidi. Jina la chuma ni rahisi kuliandika kwenye tangazo. Lisiloandikwa ni namna kilivyofuliwa, kilivyopashwa moto na kupozwa, na kama uso wake ulipigwa gololi ndogo kuuondolea mahali pa ufa kuanzia. Hayo unayanunua kwa kumwamini mtengenezaji, kwa sababu gereji haiwezi kuyaona.

Na lile bishano la umbo la H dhidi ya umbo la I, ambalo vijana hulikalia usiku kucha? Fred Carrillo, aliyeanza kutengeneza rodi huko California miaka ya 1960, aliipa H jina lake kubwa, na kiwanda kinachobeba jina lake kinatengeneza maumbo yote mawili. Manley nao wana H na wana I. Pauter wanatengeneza umbo la X. Kama umbo lingekuwa ndilo jibu, mmoja wao angeshafunga duka. Chagua umbo la mwisho kabisa, baada ya bolti, vipimo na uzito.

Vipimo sasa. Hapa EJ ina tabia yake, na mtu aliyetoka kwenye injini za Toyota lazima aijue kabla hajafungua pochi. Kwenye 2JZ, injini ya silinda sita zilizosimama mstari mmoja, ukiwa na wasiwasi unashusha karta, lile bakuli la oili chini ya injini, unafungua kepu moja, unaiangalia beringi, unarudisha. EJ ni injini ya kulala, silinda zake zimelala ubavuni, na bloku yake ni nusu mbili zinazoikumbatia krenki. Konrodi zinafungwa kwenye krenki kwanza, krenki inalazwa kwenye nusu moja, nusu ya pili inafunika, ndipo pistoni zinaingizwa na pini zinapitishwa kwenye matundu ya pembeni mwa bloku. Ukishafunga, kepu hazifikiki tena. Kukagua beringi moja ni kuifungua injini yote. Pia, ili injini iwe fupi, wahandisi walizibana shingo nne za krenki zinazoshika konrodi na beringi tano za krenki kwenye nafasi ndogo, kwa hiyo beringi za konrodi za EJ ni nyembamba kwa upana. Beringi nyembamba haina uvumilivu kwa tundu lisilo duara au nafasi ya oili iliyokosewa.

Basi pima kabla. Rodi mpya ikitoka kwenye sanduku, weka kepu, kaza bolti kwa kipimo kamili, kisha pima tundu kubwa kwa geji ya ndani, pande tatu tofauti. Likiwa na umbo la yai, hata kidogo, lirudishe au lipeleke kwa mchongaji. Kisha weka beringi, kaza tena, pima, na utoe kipenyo cha shingo ya krenki ulichokipata kwa maikromita. Desturi ya wajenzi wengi ni nafasi ya sehemu moja ya elfu ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo cha shingo, na kwa shingo ya milimita 52 hiyo ni karibu milimita 0.05. Fanya hivyo kwa zote nne, kwa sababu moja ya nne ndiyo itakayokuharibia mwezi. Acha vipuri na vifaa vya kupimia vilale chumba kimoja usiku mzima. Chuma cha kipenyo hiki kikipata joto la nyuzi kumi zaidi kinapanuka zaidi ya maikroni sita, na wewe unatafuta hamsini tu. Zile nyuzi za plastiki za kubinya chini ya kepu zinafaa kwa uhakiki wa haraka. Hazifai kuwa kipimo chako pekee.

Usiamini pia kwamba "EJ ni EJ". Urefu wa 130.5 unafanana kwenye EJ20 na EJ25 nyingi, na pini ya milimita 23 ndiyo ya kawaida, lakini si krenki zote za EJ zilizowahi kutengenezwa zina shingo ya 52, na bloku unayoikuta Kirinyaga Road haina cheti cha kuzaliwa. Inawezekana krenki imeshachongwa, inataka beringi za teni au twenti, zile nene zaidi za kufidia kilichochongwa, na aliyeichonga hakuacha maandishi. Pima krenki kwanza, ndipo uagize rodi na beringi. Wengi wanafanya kinyume, kwa sababu rodi zinang'aa na krenki ni chafu.

Uzito unapimika hata kwa mzani wa jikoni wa kidijitali. Rodi nne zipishane gramu moja au mbili, si zaidi, na mchongaji mwenye kifaa atakupimia kichwa kikubwa na kichwa kidogo kila kimoja peke yake, maana kimoja kinazunguka na krenki na kingine kinapanda na kushuka na pistoni. Seti za bei ya juu huja zimeshalinganishwa. Seti za bei nafuu kutoka China nyingine huja vizuri na nyingine huja zimetofautiana, na mimi sioni aibu kuzitumia kwenye injini ya kiasi, mradi ile hela uliyookoa uipeleke kwa mchongaji. Anayenunua seti ya bei nafuu ili akwepe na gharama ya kupima, huyo amenunua bahati nasibu. Na kichwa cha bolti kilichochapwa jina la ARP si ushahidi, maana bandia zipo. Nunua bolti kwa muuzaji anayetambuliwa na kampuni, kisha, na hili wengi hawalijui, upime tundu kubwa upya, kwa sababu bolti tofauti inaibana kepu tofauti na duara linaweza kuhama.

Lakini je, unazihitaji? Mtu akiniletea EJ257 yenye rodi za kiwandani na mpango wa kuongeza nguvu kwa kiasi, kwa kawaida rodi siyo ya kwanza kwenye orodha yangu. Zinazokufa mapema kwenye injini hiyo ni kuta nyembamba kati ya ringi za pistoni, mafuta yanapolipuka ovyo kabla ya wakati, na beringi za konrodi, oili inapokosekana. Bomba la kunyonyea oili ndani ya karta linajulikana kwa kupasuka, na likipasuka pampu inavuta hewa. Rodi ya 300M kwenye shingo isiyo na oili itanoki sawasawa na ya kiwandani. Pistoni za kufuliwa, bomba jipya, pampu nzuri na mtu anayejua kutyuni, yaani kurekebisha busti na mafuta ya injini: hayo kwanza. Rodi zinaingia kwa kuwa injini imeshafunguliwa na hutaki kuifungua mara ya pili, na hiyo ni sababu halali kabisa.

Neno moja kwa wanaotyuni Nairobi na kuteremkia Pwani. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ina shinikizo la takriban ba 0.82. Ukiweka busti ya ba moja kwa springi ya turbo, ile inayoiwekea busti kikomo, pistoni inapata hewa ya ba 1.82. Fika Mombasa na springi ileile, inakuwa 2.01. Umeongeza hewa kwa asilimia kumi bila kugusa kitu, joto ni kali zaidi, na pale Mtito Andei ulijaza mafuta usiyoyajua. Mzigo wa kukandamiza rodi umepanda, na hatari ya mlipuko wa ovyo imepanda zaidi. Mtyunaji anayejua kazi yake huacha nafasi kwa safari hiyo.

Kuna na rodi zinazopinda bila mbio yoyote. Mvua za masika zikijaza barabara na gari likanyonya maji kupitia kichujio cha hewa, pistoni inapanda ikikuta maji, na maji hayabanwi. Kitakachojikunja ni konrodi. Wakati mwingine injini inawaka tena baada ya kukaushwa, inauzwa, bloku inaishia sokoni. Ukinunua bloku kama hiyo na hedi (vifuniko vya silinda) ziko nje, peleka kila pistoni juu kabisa na upime imefika wapi ukilinganisha na uso wa bloku. Ile isiyofika walipofika wenzake ina rodi iliyofupika kwa kupinda.

Mwisho, rodi za mitumba. Mtu amevunja mradi, anauza seti ya jina kubwa kwa nusu ya bei, na anaapa zimetembea kidogo. Mimi huzikubali kwa masharti. Bolti zake natupa bila mjadala, naweka mpya. Rodi na kepu zinakwenda kwa mtu mwenye mashine ya sumaku inayoonyesha nyufa, kisha tundu kubwa linapimwa na bolti mpya zikiwa zimekazwa, na likihitajika linachongwa kurudi kwenye duara. Bushi ya kichwa kidogo inaangaliwa na pini mpya. Namba kwenye rodi na kwenye kepu lazima zifanane, kwa sababu kepu ilichongwa na rodi yake na haiolewi na nyingine. Kichwa kikubwa kikiwa na rangi ya buluu pembeni, beringi ilishawahi kuungua hapo, na hizo simchukulii muuzaji hata kwa bure. Ukishajumlisha bolti, sumaku na mchongaji, mara nyingi bei imekaribia ile ya seti mpya ya daraja la kati. Ikifika hapo nanunua mpya.